Pana Mwenyewe Hapa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nyimbo za Ndege na Wapinzani Wao

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijaachia, kurumbiza wa nyumbani kwetu Arusha huanza kazi. Ni yule ndege wa kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi na mstari mweupe juu ya jicho, anayependa vichaka vya uani. Anaanza chini kabisa, kama mtu anayejipigia mluzi jikoni. Anarudia kipande kilekile, kila mara akikipandisha kidogo, mpaka sauti inajaza ua mzima. Halafu ananyamaza. Ng'ambo ya ukuta, kwenye mparachichi wa jirani, mwingine anajibu.

Watu ninaotembea nao kuangalia ndege huniuliza sana kuhusu majibizano haya, na maswali yenyewe hujirudia. Nimeyakusanya hapa.

Ndege anapoimba, anamwambia nani?

Mara nyingi anasema na watu wawili kwa wakati mmoja: jike anayetafuta mwenza, na dume mwenzake anayetafuta mahali. Hapa nitashughulika zaidi na huyo wa pili.

Ndege anayetaka kuzaa anahitaji sehemu ya kujenga kiota, wadudu wa kulisha makinda na kichaka cha kujificha. Sehemu hiyo akiipata huilinda. Mimi naiita himaya. Kuilinda kwa kupigana ni gharama kubwa: manyoya yanang'oka, jicho linaweza kutobolewa, na wawili wakiwa wameshikana chini, mwewe au paka anapata riziki ya bure. Wimbo unamwezesha kutangaza mara mamia kwa siku kwamba pana mwenyewe hapa, bila kumgusa yeyote.

Wimbo na mlio vina tofauti gani?

Mlio ni mfupi na ni wa jambo la papo hapo: paka huyo, mwewe huyo, mama nina njaa. Wimbo ni mrefu zaidi, una mpangilio, na kwa ndege wengi huimbwa na mwenye himaya akiwa mahali pa kusikika. Mpaka kati ya viwili hivi si mkali kwa kila ndege, ila ukikaa wiki moja na ndege mmoja utautambua mwenyewe.

Kuna ushahidi gani kwamba wimbo wenyewe ndio unaomzuia mpinzani? Labda anaogopa kumwona mwenye himaya tu.

Swali zuri, na lilijibiwa kwa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Miaka ya 1970, John Krebs wa Chuo Kikuu cha Oxford alifanya kazi katika msitu wa Wytham, nje kidogo ya mji huo. Humo wamo ndege wadogo wa kifua cha njano na kichwa cheusi, kwa Kilatini Parus major. Krebs aliwakamata wenye himaya, akawaondoa, na mahali pao akaweka spika.

Katika baadhi ya himaya, spika zilipiga wimbo wa ndege wa aina hiyohiyo. Kwingine zilipiga sauti ya filimbi ya bati, ili ionekane kama ndege wanaogopa kelele yoyote tu. Sehemu nyingine ziliachwa kimya. Wageni walivamia kwanza sehemu zilizokuwa kimya na zile za filimbi. Zile zilizokuwa na wimbo zilikaa wazi muda mrefu zaidi, ingawa hapakuwa na ndege hata mmoja ndani yake. Spika tupu ilikuwa inalinda shamba.

Mwaka 1978 Krebs na wenzake wakaonyesha jambo la pili: himaya iliyolindwa kwa spika yenye nyimbo za namna kadhaa ilikaa bila kuvamiwa muda mrefu kuliko iliyolindwa kwa wimbo mmoja unaorudiwa.

Ona pia kwamba wageni walifika hatimaye hata penye wimbo. Tangazo lisilo na mtu nyuma yake halidumu.

Mpinzani anasikia nini ndani ya wimbo?

Mengi. Kwanza, aina ya ndege: kurumbiza hajisumbui na wimbo wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Pili, nani hasa anayeimba, maana kila ndege ana namna yake kama watu walivyo na sauti zao. Tatu, umbali. Wimbo ukipita kwenye majani na vigogo hukwaruzika: mwangwi unashikana na sauti, zile za juu zinapungua. Ndege anayesikia hutumia uchakavu huo kukadiria kama mwenzake yuko mpakani au yuko mbali asikohusika. Nne, mwimbaji yuko macho kiasi gani. Anayejibu upesi na kusogea anatoa habari tofauti na anayejiimbia tu.

Ndege anawezaje kumtofautisha jirani na mgeni?

Kwa kumbukumbu. Dume akisikia wimbo wa jirani yake wa siku zote, kutoka upande uleule wa siku zote, mara nyingi hujibu kidogo au haondoki tawini. Akisikia wimbo wa mgeni kutoka palepale, huja mbio. Sababu yake inaeleweka: jirani ana shamba lake tayari, ila mgeni anatafuta.

Watafiti walicheza rekodi ya jirani, lakini wakaihamishia mpaka wa upande wa pili, mahali ambapo jirani huyo hana haki ya kuwepo. Mwenye himaya akaja kwa hasira kama kwa mgeni. Kwa hiyo anachokijua si sauti peke yake. Anajua nani anatakiwa kuwa wapi. Yeyote aliyewahi kugombana na mtu kuhusu jiwe la mpaka ataelewa: hatuna shida na jirani, tuna shida na jirani aliyevuka.

Kumbukumbu hiyo hudumu. Mwaka 1991 Renee Godard alichapisha utafiti juu ya ndege wa njano mwenye kofia nyeusi, Setophaga citrina, anayezaa Marekani na kwenda Amerika ya Kati wakati wa baridi. Madume waliporudi baada ya miezi mingi, walikuwa bado wanazikumbuka nyimbo za majirani wa mwaka uliopita, na pande zao.

Mbona wakati mwingine wawili wanaimba wimbo uleule kwa zamu? Wanaigana?

Hapa ndipo mazungumzo yanaponoga.

Chukua shomoro mwimbaji wa Amerika ya Kaskazini, Melospiza melodia. Si ndugu wa karibu wa shomoro wetu wa kwenye mapaa, wanafanana tu rangi ya hudhurungi na michirizi. Michael Beecher na wenzake waliwafuatilia ndege hawa kwa miaka mingi katika bustani kubwa ya Discovery mjini Seattle. Kila dume ana nyimbo kama 8 au 9, na kila wimbo ameupata kwa kujifunza. Kwa kuwa vijana hujifunza kwa wakubwa wa mtaa wanakokuja kukaa, majirani huishia kuwa na baadhi ya nyimbo kwa pamoja.

Sasa jirani anaimba wimbo ambao wewe pia unao. Una njia tatu. Unaweza kumjibu kwa wimbo uleule: hii ndiyo kali, ni kama kumtazama mtu usoni bila kupepesa. Unaweza kumjibu kwa wimbo mwingine ambao nyote wawili mnao: maana yake nimekusikia, nakujua, lakini sitaki makuu. Au unaimba wimbo ambao yeye hana kabisa, na hapo unajiondoa kwenye mzozo. Majaribio ya kuwachezea rekodi yalionyesha kwamba kujibu kwa wimbo uleule hupandisha joto, na kwamba ndege hutumia zaidi jibu hilo mwanzoni mwa msimu, wakati mipaka haijatulia. Msimu ukisonga na watu wakizoeana, wanahamia kwenye jibu la pili.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatashangaa. Washairi wetu wamejibizana magazetini kwa miongo mingi, na anayetaka kumkabili mwenzake hasa hushika vina na mizani vilevile alivyotumia mwenzake, akamrudishia beti kwa beti. Aliyechagua bahari nyingine amejibu pia, lakini ameacha nafasi ya kupumua. Nilipoanza kusoma kuhusu ndege wa Seattle niliwaza malumbano hayo mara moja, na mpaka leo ndivyo ninavyowaeleza watu.

Kwa hiyo anayeimba kwa sauti kubwa zaidi ndiye hatari zaidi?

Hapana. Watu wengi hawaliamini jibu hili mpaka waone.

William Searcy, Rindy Anderson na Stephen Nowicki waliweka ndege aliyekaushwa wa aina hiyohiyo ya shomoro mwimbaji ndani ya himaya huko Pennsylvania, wakacheza rekodi karibu naye, wakarekodi kila alichofanya mwenye himaya kabla ya kushambulia au kuacha. Utafiti wao wa mwaka 2006 uligundua kwamba kati ya ishara za sauti walizozipima, iliyotabiri shambulio ni wimbo wa chini. Ndege anashusha sauti mpaka karibu haisikiki, kisha anaruka.

Maelezo mojawapo ni kwamba kwa umbali huo hahitaji tena kutangazia mtaa mzima. Anasema na mmoja tu. Nami nimemwona kurumbiza akifanya kitu cha namna hiyo chini ya ua wa michongoma: mabawa yamelegea kidogo, mkia unapanda na kushuka, sauti imekuwa mnong'ono. Nilidhani anatulia. Sekunde chache baadaye walikuwa wawili kwenye vumbi, wameshikana kwa kucha.

Wale ndege wawili wanaopokezana kama kengele, nao wanapigana?

Hao hawapigani wao kwa wao. Kwa kawaida ni dume na jike wake, na kwa pamoja wanawaambia wengine wakae mbali.

Mfano wetu bora ni tiva, yule ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, anayejificha kwenye vichaka vizito. Mmoja hutoa sauti kama kengele, mwenzake anadakia kwa sauti nyingine bila kuacha mwanya, na mtu akiwa pembeni huapa kwamba amesikia ndege mmoja. Ukitaka ukweli, simama katikati yao: nusu ya wimbo itatoka kushoto, nusu kulia. W. H. Thorpe wa Cambridge alizipima zamu hizo, akakuta ndege anaingia kwa wakati sahihi kwa kiwango cha sehemu ndogo za sekunde.

Kwa mpinzani, wimbo wa wawili ni habari nzito. Unamwambia kwamba nafasi ya dume haipo, nafasi ya jike haipo, na ukija utakutana na wawili. Kurumbiza nao huimba pamoja: dume anapopandisha vipande vyake, jike hutia juu yake sauti nyembamba ndefu.

Majike huimba?

Huimba, na wengi. Vitabu vya zamani viliandikwa zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako majike wengi ni wakimya, ikachukuliwa kuwa ndivyo ilivyo duniani kote. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walichapisha mapitio ya spishi 323 za ndege waimbaji, wakakuta majike wanaimba katika asilimia 71. Sisi wa nchi za joto tungeweza kuwaambia mapema, kama tungeulizwa.

Hata Ulaya kuna mfano: robini, ndege mdogo wa kifua chekundu, Erithacus rubecula. Wakati wa baridi dume na jike hushika himaya tofauti, na jike huimba kulinda yake. David Lack, aliyewachunguza ndege hao Devon, Uingereza, aliona pia kwamba robini mwenye himaya hushambulia hata fungu la manyoya mekundu lililofungwa tawini.

Ndege huzaliwa na wimbo wake?

Jogoo ndiyo. Hahitaji kufundishwa kuwika. Ndege waimbaji hujifunza: kinda husikiliza wakubwa, huanza kubwabwaja kama mtoto, halafu wimbo unakaa sawa. Thorpe alionyesha miaka ya 1950 kwamba ndege aliyelelewa bila kusikia wenzake huishia na wimbo uliopungukiwa.

Kuna msafiri mmoja anayetuhusu. Acrocephalus palustris ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, huzaa Ulaya na kuja Afrika baridi ikianza. Hupita Tsavo Magharibi kwa wingi, na katika kituo cha kuvalisha ndege pete cha Ngulia, Kenya, ni mmoja wa wanaonaswa sana usiku wa ukungu. Françoise Dowsett-Lemaire alizichambua nyimbo zake Ubelgiji na mwaka 1979 akaeleza kwamba dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76, na zaidi ya nusu ni za Afrika. Mtu wa Afrika Mashariki akisimama kando ya mtaro wa Ubelgiji mwezi Juni anaweza kusikia ndege wa kwao.

Kwa nini alfajiri?

Sababu kadhaa hukutana. Upepo umetulia. Bado ni giza, kwa hiyo kutafuta wadudu hakulipi, lakini kuimba kunawezekana. Na usiku ndio wakati ambao mwenye himaya anaweza kufa, kwa bundi au kwa baridi, hivyo asubuhi ndipo wasio na himaya wanapozunguka kutafuta pengo. Aliye hai anahitaji kusema mapema kwamba yu hai.

Chozi wa kwenye maua naye analinda himaya?

Analinda maua, pale yanapolipa. Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu katika nyanda za juu za Kenya, na mwaka 1975 wakachapisha hesabu ya nishati: ndege hulinda kundi la maua pale nekta, yaani maji matamu ya maua, inapokuwa ya kutosha kufidia gharama ya kufukuza wengine. Nekta ikiwa kidogo mno, au tele kila mahali, hawajisumbui.

Kelele za mji zinawaathiri?

Sana. Ngurumo ya magari iko chini, hivyo hufunika sehemu ya chini ya wimbo. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba Parus major wa sehemu zenye kelele mjini Leiden, Uholanzi, huimba kwa sauti za juu zaidi kuliko wenzao wa sehemu tulivu. Mwaka 2020 magari yalipopungua San Francisco kwa sababu ya korona, Elizabeth Derryberry na wenzake walikuta shomoro wenye taji jeupe wameshusha sauti, na bado wimbo unafika mbali kuliko zamani.

Kuna ndege anapigana na kioo cha gari langu kila siku. Nifanyeje?

Anamwona mpinzani asiyeondoka, na asiyeogopa wimbo. Mpinzani wa kweli angekuwa amekimbia au ameshindwa. Huyu kila akirukiwa anarudisha. Funika vioo vya pembeni kwa soksi kuukuu au mfuko wa kitambaa unapoegesha. Kama ni dirisha la nyumba, paka sabuni kwa nje au tundika kitambaa. Fanya hivyo hata kama unaona ni jambo dogo. Ndege anayepigana na kioo saa tatu kwa siku halishi makinda.

Naweza kumwita ndege kwa rekodi ya simu?

Naomba usifanye kwa kujifurahisha. Umeshasoma jaribio la Wytham: spika ni mvamizi. Niliwahi kuwa msituni na mwongozaji aliyecheza wimbo wa ndege mmoja kwa dakika ishirini ili mgeni wake apate picha. Dume alizunguka spika akiwa amevimba manyoya, akaimba, akashusha sauti, akaruka, akarudi. Alikuwa na mdudu mdomoni alipofika. Alimwangusha, na kwa muda wote tuliokaa hakurudi kiotoni. Mbuga na hifadhi zenye masharti juu ya jambo hili zina sababu. Ukikaa kimya nusu saa mahali pamoja, wengi watajitokeza wenyewe.

Nianzeje kusikiliza?

Chagua ndege mmoja, karibu na unapolala. Chora ramani ya ua kwa kalamu, weka alama kila anapoimba. Baada ya siku kumi, alama zitaanza kuonyesha duara, na pembeni yake utaona sehemu mbili au tatu anazorudi kila asubuhi; hapo ndipo majirani wake walipo. Kisha acha kumsikiliza yeye, sikiliza pengo baada yake: nani anajibu, kwa haraka gani, kwa wimbo uleule au mwingine. Ramani yangu ya mwaka huu ina sehemu kama hizo tatu. Ya mparachichini imenyamaza tangu juzi, na leo kurumbiza wetu ameimba akiwa upande wa pili wa ukuta.